Tulivyopima Mafuta ya Malori Mtoni

Siku niliyorudisha funguo za ofisi, binti wa takwimu aliyechukua meza yangu aliniomba nimwandikie kurasa chache juu ya namna tulivyofanya kazi zamani, kabla ya hivi vyombo vya kupimia hewa vinavyojiandikia vyenyewe. Alisema vijana wenzake watafaidika. Nikamuuliza watafaidika na nini, akafikiri kidogo, akasema, "Na uzoefu, mama." Basi uzoefu wenyewe ndio huu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara haikutosha hata kusimuliwa.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshaingia madukani lakini haijafika maofisini. Mtaani Kinondoni, nilikopanga chumba, sabuni ya kuogea ilikuwa imerudi na watu walivaa mitumba bila kuona haya. Ofisini bado tuliitana ndugu, na watu watano tuligawana kikokotoo kimoja ambacho namba saba haikubonyezeka. Kibao cha mlangoni kiliandikwa Kitengo cha Uchukuzi. Mimi nilitoka chuo kikuu na shahada ya uchumi, nikitegemea kwamba nitapewa meza nikae nifikiri. Siku ya kwanza nilipewa ufagio, kwa sababu mhudumu alikuwa amekwenda msibani. Nilifagia vizuri, wakaniongezea na chumba cha mafaili.

Nilipotimiza mwaka na kitu, wafadhili walianza kupenda mazingira. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa kunusa mambo kabla hayajafika. Alimwita mchora mabango kutoka Magomeni, na Jumatatu tulipofika kazini tulikuta tumekuwa Kitengo cha Uchumi wa Mazingira. Watu ni walewale, mafaili ni yaleyale, kikokotoo ni kilekile. Tulipomuuliza kazi yetu itabadilika vipi, alituangalia kwa huruma.

"Fanyeni hayo hayo mnayofanya," alisema. "Ila sasa muandike na moshi."

Kifaa chetu cha kwanza cha kuandikia moshi kilikuwa kadi. Ilikuwa na miraba mitano, kutoka mweupe hadi mweusi kabisa. Unainyoosha mbele ya uso, unatazama moshi wa lori linalopita, halafu unaandika moshi huo unafanana na mraba upi. Nilisimamishwa njia panda ya Buguruni. Kufika saa nne asubuhi vumbi lilikuwa limeifanya miraba yote mitano iwe ya rangi moja, nami nikaendelea kuandika kwa imani. Siku ya tatu malori yakaanza kupungua, na yale yaliyopita yalipita polepole kwa adabu, hayatoi moshi wa maana. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua pembeni yangu ndiye aliyenieleza. Madereva walikuwa wameambiana kwamba pale njia panda amekaa mtu wa kodi na makaratasi yake, kwa hiyo wenye magari mabovu wanazungukia njia za nyuma. Ripoti yetu ilisema hali ya moshi Buguruni inaridhisha. Kwa wiki ile moja nilipunguza moshi mwingi kuliko kwa sera zote nilizoandika baadaye.

Vingunguti nilikaa siku nne tu, nikihesabu malori ya ng'ombe yanayoingia machinjioni. Sina la kuwafundisha juu ya Vingunguti, isipokuwa kwamba gauni nililovaa siku ya kwanza sikulivaa tena.

Aliyenitoa kwenye kadi ni Bwana Kihwele. Alikuwa Mhehe wa makamo, aliyewahi kuwa fundi mkuu kwenye karakana ya shirika moja la usafirishaji. Shirika lilipoanza kufa taratibu, aliletwa kwetu akiitwa mtaalamu wa magari. Hakuwa na shahada na hakuwa na haraka. Aliitazama kadi yangu, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Moshi ni umbea tu, aliniambia. Ukitaka habari za lori, pima mafuta linayokunywa na mzigo linaobeba, kisha gawanya.

Kugawanya nilijua. Kupima ndiko kulikonishinda. Geji za mafuta za malori ya siku zile zilikuwa mapambo. Mshale umelala chini mwaka mzima, na dereva anajua mafuta yake kwa kuligonga tangi na kusikiliza. Bwana Kihwele alichonga vijiti vya mninga, kimoja kwa kila aina ya tangi. Alichukua tangi tupu, akalimiminia dizeli lita kwa lita, na kila alipomimina alizamisha kijiti na kukata alama kwa kisu palipoishia unyevu. Alinifundisha kukipaka chaki kwanza ili dizeli ionekane, kukizamisha wima bila kukilaza, kukitoa kwa mkupuo mmoja, na kusoma papo hapo kabla hakijakauka. Nilitembea na furushi la vijiti hivyo Temeke nzima. Watu wengi waliniuliza fimbo bei gani.

"Andika kinachosema kijiti," alikuwa akiniambia kila siku. "Usiandike anachosema dereva. Madereva wote ni ndugu zangu, nawajua."

Alikuwa na sababu. Kila mtu aliyefanya kazi karibu na malori alijua kwamba dizeli hunyonywa kwa mpira njiani na kuuzwa kwenye madumu. Ukimuuliza dereva mafuta yake yamekwenda wapi, anakuwa na maelezo marefu na mazuri. Kwa hiyo fomu yetu haikuwa na sehemu ya maelezo ya dereva. Haikuwa hata na sehemu ya kuandika amenunua mafuta kiasi gani, maana hilo nalo tungelisikia kutoka kwake. Asubuhi unazamisha kijiti gari likishajazwa, jioni unazamisha tena mara linapoingia, unatoa hesabu. Tuliiona fomu hiyo kuwa ya kisayansi sana.

Swali tulilopewa lilikuwa hili. Mjini kulikuwa kumeanza kuingia makampuni binafsi yenye malori mapya, na kulikuwa na watu wadogowadogo waliokuwa wakinunua malori chakavu kwenye minada ya mashirika na kuyafufua. Yapi yanasafirisha tani moja ya mzigo kwa dizeli kidogo zaidi? Ikithibitika kwamba makuukuu yanakula mafuta na kuchafua hewa bure, yangepigwa marufuku kuingia katikati ya mji. Rasimu ya sheria ndogo ya kuyazuia ilikuwa imeshaandikwa na kupigwa chapa. Kilichobaki ni utafiti.

Bwana Kihwele alipangiwa kampuni moja Barabara ya Pugu, yenye uwanja wa zege, kivuli cha bati na chai ya saa nne. Mimi, kwa kuwa ndiye mdogo, nilipangiwa Mtoni. Kule wenye malori makuukuu walikuwa wamekodi kiwanja cha wazi kando ya Barabara ya Kilwa, kinachoteremka kutoka nyuma hadi barabarani. Malori yao mengi stata zilikuwa zimekufa. Kwa hiyo usiku yalilala yameelekeza pua barabarani, na asubuhi dereva anaachia breki, gari linateremka lenyewe, anaingiza gia, linashtuka na kuwaka. Lisipowaka, wenzake wote wanaacha chai na kuja kusukuma. Jioni yaliingia yakipanda, nami niliyapima hapohapo langoni kabla hayajageuzwa, kama fomu ilivyotaka.

Wa kwanza kunikaribisha pale alikuwa Mzee Pazi. Alikuwa Mzaramo wa Mtoni hapohapo, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi na kutumia kiinua mgongo chake chote kununua lori moja mnadani. Aliliendesha mwenyewe. Asubuhi alichukua saruji na unga mjini akavipeleka Mbagala na Kongowe, alasiri alirudi na nazi, mihogo na mkaa. Lori hilo ndilo lililokuwa likilisha nyumba yake na kusomesha watoto wake, na alilifuta vumbi kwa kanga kuukuu ya mkewe kila alipopata nafasi.

"Shikamoo mzee," nilimwambia siku ile ya kwanza.

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe?"

"Tabora."

"Ehee, Mnyamwezi." Aliwageukia wenzake. "Babu zao walikuja pwani na mizigo yetu vichwani. Huyu kaja kuhesabu kama ilifika yote."

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukuumbua mbele za watu nawe ukacheka. Nilifurahi. Nilikuwa mgeni mwenye vijiti, na sasa nilikuwa na mtu wa kunitania. Kuanzia siku ile nilikuwa nikimwamkia kwa heshima zote, akaitikia, halafu tunaanza kutukanana. Nilimwambia Mzaramo hawezi kuendesha gari saa ya ngoma. Aliniambia Mnyamwezi hawezi kupanda gari bila kuliuliza limechoka. Uwanja mzima ulitupenda.

Wiki ya pili au ya tatu alikuja akachungulia karatasi zangu.

"Mtani, jana umeniandikia nini?"

Nikamwonyesha.

"Mie kila asubuhi naongeza dumu moja, tangi linarudi palepale," alisema. "Hapa kwako natumia mawili na ushei. Hilo la pili kanywa nani?"

"Wewe," nilimjibu. "Wazaramo hamchagui kinywaji."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini hakuondoka.

"Sikia, Mnyamwezi. Mafuta yamo mlemle ndani ya tangi. Jioni yanakimbilia nyuma yanajificha. Ukishaondoka na fimbo zako yanarudi."

Uwanja ukaangua kicheko, na nadhani mimi ndiye niliyecheka zaidi. Ulikuwa utani mzuri. Tena ulikuwa utani wa dereva kuhusu mafuta yaliyopotea, yaani kitu kile kile nilichofundishwa nisikisikilize. Pembeni mwa fomu niliandika kwa penseli, "Dereva ana maelezo." Sikuyaandika maelezo yenyewe, kwa sababu nafasi haikuwepo.

Miezi ilipotimia tulijumlisha. Malori ya Mtoni yalionekana kunywa karibu maradufu ya yale ya Barabara ya Pugu, na jedwali letu lilikuwa zuri ajabu, safu mbili za namba zilizoachana kabisa. Mkurugenzi aliliangalia akasema hili ndilo jedwali alilokuwa akilitafuta tangu awe mkurugenzi. Bwana Kihwele aliliangalia kwa muda mrefu zaidi.

"Una uhakika na Mtoni?" aliniuliza.

Nilimwambia nina uhakika, nilifuata kijiti. Akanirudishia karatasi, maana ndivyo alivyonifundisha. Nikaandika sura ya matokeo na sura ya mapendekezo, na katika mapendekezo niliandika kwamba malori ya aina ile yasivuke Mtoni kuingia mjini. Nilitumia maneno makubwa makubwa ambayo leo nikiyasoma naona haya.

Sasa nakuja kwenye jambo nililolifanya kwa wema. Kabla ripoti haijatoka, nilimfikiria Mzee Pazi. Nilijua sheria ikitangazwa, lori lake litakuwa vyuma vya kuuza kwa kilo. Sikuruhusiwa kumwambia mtu, lakini nilikwenda Mtoni jioni moja, nikamwita pembeni.

"Mzee, kuna sheria inakuja. Magari kama lako hayataruhusiwa kwenda mjini. Kama una mtu wa kulinunua, liuze sasa. Ukingoja itangazwe, hutapata hata wa kununua spea."

"Nani kasema?"

"Nimeziona karatasi."

"Umeziona, au umeziandika?"

"Nimeziandika."

Nilitegemea anitanie. Hakunitania. Alivua kofia yake, akajifuta kichwa, akaniuliza kama ni kweli gari lake linakunywa mafuta yote yale. Nilimwambia ndivyo vipimo vinavyoonyesha.

"Haya," alisema. "Wewe ndo umesoma. Mie nilidhani kuna kitu hukukiona."

Nilirudi Kinondoni nikijiona mtu mwema sana. Nililala usingizi mnono.

Bwana Kihwele, kumbe, hakulala. Jedwali lilikuwa linamkera. Wiki chache baadaye, ripoti ikiwa mitamboni na warsha ya kuizindua imeshapangwa, aliniambia tufuatane Mtoni, anataka kuona tu. Tulifika jioni, malori yakianza kuingia. La kwanza lilisimama langoni kama kawaida, akafungua mfuniko wa tangi ili azamishe kijiti mwenyewe. Mfuniko ukamponyoka. Ulianguka, ukasimama kwa ukingo wake, ukaanza kubingirika. Ulibingirika kufuata mteremko, ukavuka mtaro, ukatokea barabarani. Alisimama akiuangalia mpaka ulipolala.

Hakuufuata. Alitoa pimamaji ya kupimia usawa kwenye mkoba, akaiweka juu ya chesisi, akainama kuisoma.

"Asubuhi yanalala yakitazama wapi?"

"Barabarani. Hayana stata."

"Na jioni ukipima yanatazama wapi?"

"Yanatazama juu."

Alizamisha kijiti, akasoma. Kisha akamwomba dereva ageuze gari litazame barabarani, asiende popote. Gari lilipogeuka akazamisha tena, akanipa kijiti nisome mwenyewe. Mafuta yalikuwa yameongezeka kwa upana wa vidole vinne.

"Mdomo wa tangi uko upande wa mbele," alisema taratibu. "Asubuhi gari limeinamisha pua, mafuta yote yako mbele, kijiti kinasoma mengi. Jioni limeinua pua, mafuta yako nyuma, kijiti kinasoma machache. Ulikuwa unapima mteremko." Alijipangusa mikono kwa muda. "Na mimi kosa langu kutokuja siku ya kwanza. Lakini miezi yote hiyo, hakuna dereva aliyekuambia?"

"Mmoja aliniambia."

"Ukafanyaje?"

"Nilicheka."

Nikatafuta lori la Mzee Pazi kwa macho. Mahali pake palikuwa na doa la oili tu. Nilimuuliza mlinzi wa kiwanja.

"Mzee Pazi kauza," alisema. "Wiki ya pili leo. Kachukua yule braza wa Buguruni mwenye duka la spea." Akanitazama kwa mshangao. "Si wewe ulimshauri? Alituambia sote hapa. Alisema mtani wake kamwokoa."

Nilikaa kwenye tairi bovu, na Bwana Kihwele alikwenda kuuokota mfuniko.

Kesho yake asubuhi tuliingia kwa Mkurugenzi. Alikuwa na nakala ya kwanza ya ripoti mezani, jalada lenye picha ya moshi mweusi, ameielekeza ili kila anayeingia aione.

"Ni kosa la kiasi gani?" aliuliza.

"La kubadilisha matokeo, mzee," nilisema.

"Kubadilisha, au kurekebisha?"

"Hatujui malori ya Mtoni yanatumia kiasi gani. Yanaweza kuwa sawa na mapya. Yanaweza kuwa bora."

Aliligusa jalada. Alisema limechapwa nje ya nchi. Kisha akapendekeza tuongeze tanbihi, kwa herufi ndogo, isemayo kwamba kiwanja cha Mtoni kina mwinuko kiasi. Watakaoelewa wataelewa. Bwana Kihwele alimwambia, kwa upole aliokuwa nao siku zote, kwamba tanbihi hiyo haitawasaidia wenye malori kuvuka kizuizi cha polisi. Mkurugenzi alitutazama sote wawili, akasema warsha ni Jumatano na mwasilishaji ni mimi, kwa hiyo nitasema nitakachosema, na yeye atashangaa pamoja na wengine.

Siku hizo mbili zilikuwa ndefu. Msidhani nilikuwa nikipigania ukweli kifua mbele. Nilikuwa nafanya hesabu nyingine, na hiyo sikuhitaji kikokotoo. Nikinyamaza, marufuku inakuja, na Mzee Pazi atakuwa ameuza kwa wakati mzuri kuliko wote. Nitabaki mtani aliyemwokoa, na ataniombea dua mpaka kufa. Nikisema, malori yote ya Mtoni yanapona isipokuwa moja, nalo ni lile ambalo mwenyewe alinisikiliza. Kwa huyu mmoja, bora ningenyamaza. Nililitamani hilo, nakiri. Kilichonizuia ni wale wengine waliokuwa wakiacha chai yao kwenda kusukuma magari, na kusema kweli, nilimwogopa Bwana Kihwele pia, ambaye angekaa mstari wa mbele na pimamaji yake mkobani.

Jumatano nilisimama, nikaonyesha jedwali zuri, nikasema si la kweli. Nilieleza kiwanja, stata mbovu, tangi na mdomo wake. Nilieleza kwamba dereva alinifafanulia nami nikachukulia utani. Nilipomaliza nilijiandaa kwa lolote.

Walipiga makofi. Mwakilishi wa mfadhili alisema hajawahi kuona uwazi wa namna ile. Ofisa mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka akaunga mkono. Baada ya pilau ilikubaliwa kwamba utafiti zaidi unahitajika, rasimu ya sheria ndogo ikarudishwa kabatini, na kitengo kikaongezewa miaka miwili ya kazi, Land Rover yenye matairi yote manne, na vikokotoo kwa kila mtu. Mkurugenzi alishangaa kama alivyoahidi. Hakuna jambo jema nililowahi kufanya kazini lililotuletea faida kama kosa lile.

Kwa awamu ya pili tulipata sakafu ya ghala lililobomolewa, palepale Mtoni, tukaipima kwa pimamaji kona zote nne. Kila lori lilipimiwa juu ya sakafu hiyo, asubuhi na jioni, na safari hii fomu ilikuwa na sehemu ya maelezo ya dereva, tena kubwa. Siku ya tatu liliingia lori nililolijua. Lilikuwa limepakwa rangi ya bluu na kuwekwa stata mpya. Nyuma ya usukani alikuwa Mzee Pazi. Yule mwenye duka la spea alikuwa amemwajiri aliendeshe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mtani."

"Mzee, nimekuja kwako mara mbili sikukukuta. Nataka kukuomba radhi. Ile sheria—"

"Nimesikia," alisema. "Pima kwanza, mwenye gari hataki lisimame."

Nilipima. Alinishikia mfuniko. Jioni alirudi na nazi gari zima, nikapima tena, na tukaendelea hivyo mpaka awamu ikaisha, tukisalimiana vizuri. Kunitania hakunitania tena hata siku moja. Kama mnajua utani, mnajua kwamba mtani akianza kukuheshimu kuna kitu kimekatika, na mimi ningelipa chochote nisikie tena habari za babu zangu.

Tulipogawanya mafuta kwa mzigo, jibu liligeuka. Malori mapya ya Barabara ya Pugu yalikwenda yamejaa na kurudi matupu. Ya Mtoni yalijaa kwenda na kurudi, na yalitunzwa na watu wasio na mafuta ya kuchezea. Lililotumia dizeli kidogo kuliko yote, kwa kila tani iliyobebwa, lilikuwa lile la bluu. Bwana Kihwele alirudia hesabu mara tatu.

Niliona ni haki ya Mzee Pazi kuwa wa kwanza kujua. Nilimkuta amekaa kwenye sakafu ya ghala akinywa chai, nikamsomea namba, nikamweleza maana yake. Nilimwambia kwamba katika malori yote tuliyoyapima mji huu, hakuna linalofanya kazi vizuri kama gari lake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akamwaga machicha ya chai.

"Mie sina gari, mwanangu," alisema. "Kamwambie mwenyewe, yuko Buguruni."

Nilikwenda, kwa sababu utaratibu wetu ulikuwa kuwapelekea wenye magari matokeo yao. Yule bwana mwenye duka aliniagizia soda baridi, akanisikiliza kwa makini, akaandika namba zangu kwenye ubavu wa boksi la breki. Alifurahi sana. Alinisindikiza mpaka nje, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante sana, sista," alisema. "Na huko Mtoni, hakuna mzee mwingine unayeweza kumshauri?"